Unahesabu Nini?

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya jeneza. Ndani yake hamkuwa na maiti, mlikuwa na magunia mawili ya mchanga ili wabebaji waonekane wamebeba kitu, na mimi nilikuwa mjane aliyefiwa alfajiri ile. Kamera ilisimama hatua moja kutoka usoni pangu. Nyuma yangu walijipanga waombolezaji arobaini, majirani wa kijiji kimoja karibu na Mukono, kila mtu na gomesi yake au kanzu yake ya kwao. Machozi yalikuja kwa wakati wake. Sauti ikakatika pale ilipotakiwa kukatika. Nilipomaliza nikabaki nimeinamisha kichwa, nangoja kuambiwa nimefanya vizuri.

Mwongozaji, kijana niliyemzidi miaka kumi na minne, akavua vipokea sauti, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Aunti," akaniambia kwa sauti ya chini wengine wasisikie, "unahesabu nini?"

Nilikuwa nahesabu sahani. Waombolezaji arobaini, sahani moja elfu nane, jumla laki tatu na elfu ishirini, na mama wa chakula alikuwa amepiga simu dakika tano kabla akitaka nusu mkononi ndipo apakue. Filamu ile nilikuwa naiigiza na papo hapo naitayarisha, kwa pesa zangu na za shemeji yangu. Marehemu wangu alikuwa amelala hapo na mimi niko kwenye matoke na mchuzi wa karanga. Nilidhani nimeficha. Kamera iliona, na yule kijana aliona kwenye kioo chake kidogo.

Tulirudia mara sita. Ile ya sita ndiyo iliyoingia kwenye filamu, na mpaka leo nikiiangalia nazijua sahani zangu ziko wapi.

Vijana huniandikia. Wanataka, wanasema, kuwa kama mimi: mwigizaji, mtayarishaji, mkufunzi wa uigizaji. Huyapanga maneno hayo matatu kama nyota za afande begani. Nami huwa nashindwa kujibu kwa kifupi, kwa sababu ukweli ni kwamba sikupanga. Kazi ya kwanza haikunilisha. Ya pili ilikula hata kile kidogo cha ya kwanza. Ya tatu niliianza siku nilipokosa kodi ya nyumba. Kilichokuja baadaye, jinsi kazi hizi zinavyoibiana na jinsi moja yao ilivyonirudishia nilichoibiwa na nyingine, hicho ndicho ninachotaka kukieleza, na sina budi kuanzia mbali kidogo.

Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa wakala wa forodha, kazi ambayo pale mpakani kila mtu anaiita kliaringi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja: meza, mihuri, na benchi refu la mbao. Kwenye benchi lile walikaa madereva wa malori wakingoja karatasi zao zitoke, siku mbili, siku tano, wakati mwingine juma zima. Nikitoka shule sikwenda nyumbani, nilikwenda kwenye benchi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Kiswahili si kimoja. Dereva wa Mombasa alikuwa na maneno yanayoteleza kama yamepakwa mafuta. Wa Nairobi aliyagonga na kuyavunja. Wa Bukavu alisema "banatoka" pale mwenzake aliposema "wanatoka", na Kifaransa kilichungulia kila alipokasirika. Askari wetu walikuwa na Kiswahili kifupi ambacho kila neno lake lilivaa buti. Mimi nilikuwa nawaiga. Wakicheka, Baba ananipa pesa ya mandazi. Wasipocheka, ananiambia, "Rudia, hukusikiliza." Mji wetu ndio uliolizaa neno boda boda, ule wito wa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Sasa neno liko kila mahali na sisi watu wa Busia hatujalipwa hata shilingi ya hakimiliki.

Halafu kulikuwa na vibanda vya video. Mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kreti za soda, giza na joto la watu sitini. Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kimarekani, lakini hakuna aliyekuja kusikiliza Wachina. Tulikuja kumsikiliza VJ, fundi wa maneno anayeizungumza filamu juu kwa juu, anatafsiri, anatania, anamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Upande wetu filamu zilisemwa kwa Kiganda, na sauti ya VJ Jingo tuliijua kuliko ya mchungaji. Ukivuka barabara kwenda upande wa Kenya, filamu ileile inasemwa kwa Kiswahili. Niliwahi kuitazama filamu moja pande zote mbili siku moja. Muuaji aliyekuwa mjinga upande wa Uganda, alipovuka mpaka akawa mtu wa hatari kabisa. Uso ni uleule, bunduki ni ileile. Kilichobadilika ni sauti tu. Makerere walinifundisha mengi baadaye, lakini hilo sikulihitaji tena.

Makerere nilisoma kwenye idara ambayo watu wa rika langu bado tunaiita MDD, muziki, dansi na drama, ingawa siku hizi imepewa jina la Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Kitu kimoja kutoka darasa la historia kilinikaa. Byron Kawadwa alikuwa anaandika michezo, anaongoza michezo, na papo hapo ndiye mkuu wa Jumba la Taifa la Maonyesho, lile lililofunguliwa mwaka 1959 na ambalo bado limesimama jirani na Bunge. Mwaka 1977 alipeleka mchezo wake wa nyimbo Lagos kwenye tamasha la FESTAC, akarudi, na watu wa Amin wakamuua. Rose Mbowa aliigiza, akaandika, akaongoza, na akafundisha hapohapo Makerere karibu mpaka alipofariki mwaka 1999. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema kwamba kufanya kazi tatu ni mtindo wa kisasa wa vijana wa intaneti, huwa nanyamaza kwa heshima. Hapa kwetu haijawahi kuwa vingine. Abby Mukiibi, ambaye dunia ilimwona mwaka 2006 kwenye filamu kuhusu Amin iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, hapa tunamjua kwa sauti yake ya redioni CBS na kwa kundi lake la Afri Talent. Nenda Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, kwa mtengeneza filamu Isaac Nabwana: filamu zikishakamilika, waigizaji wenyewe walizitembeza DVD mitaani, nyumba hadi nyumba, kabla wezi wa nakala hawajaamka. Jana ulikufa kwa risasi kwenye filamu, leo unabisha hodi kumuuzia mtu kifo chako.

Mimi miaka yangu mitatu ya kwanza jukwaani nilikuwa yaya. Kiganda changu kina harufu ya mpakani, na kwenye michezo ya Kampala harufu hiyo ina kazi zake maalumu: yaya wa kutoka Busia, polisi wa Kenya, mke wa mwizi. Hasa mke wa mwizi. Watu wasioijua Uganda hawaelewi Kiswahili kilikuwa na sifa gani kwetu. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, mtutu ukiwa dirishani. Ukikizungumza ndani ya taksi ya Ntinda, mama aliyekaa karibu nawe anauhamisha mkoba wake upande wa pili. Mwandishi wa michezo akitaka watazamaji wamwogope mhusika kabla hajafanya lolote, anampa sentensi mbili za Kiswahili. Nilizisema sentensi hizo mara nyingi sana.

Malipo yalitoka mlangoni. Jumapili jioni tunahesabu viingilio, tunatoa kodi ya ukumbi, tunatoa deni la mabango kule Nasser Road, mtaa wa wachapaji, tunatoa pesa ya jenereta, kinachobaki tunagawana. Kuna Jumapili niliyorudi nyumbani na elfu thelathini. Kuna Jumapili niliyorudi kwa miguu. Kilichotulisha kweli ni michezo ya mashirika: malaria, Ukimwi, vyoo, uzazi wa mpango. Wasomi huidharau kazi hiyo. Mimi siidharau. Kuigiza chini ya mwembe Pallisa mchana kweupe, bila taa wala pazia, mbele ya bibi ambaye akichoka anainuka na kwenda kupalilia muhogo wake, kutakufundisha mambo ambayo ukumbi wa giza unayasamehe.

Utayarishaji niliuingia kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuwa yaya, na hakuna aliyekuwa anaandika mwanamke wa mpakani mwenye akili zake. Nikaandika mwenyewe, nikatafuta pesa mwenyewe. Kazi ya mtayarishaji watu huidhania ni kutafuta pesa. Kutafuta pesa ni siku kumi za kwanza. Zilizobaki ni barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa sababu bila mhuri wake mtu yeyote kijijini anaweza kuja kusimama mbele ya kamera na kudai chake. Ni kumbembeleza jirani anyamazishe jogoo. Ni kujua kwamba kamera hukodishwa kwa siku, kwa hiyo mvua ya saa mbili ina bei, na bei hiyo unaijua kichwani kabla tone la kwanza halijafika chini. Ni nauli za boda za watu ishirini na wawili, na kila mmoja anasema kwake ni mbali. Ni kujua kwamba mteja mkubwa akikulipa zaidi ya milioni moja atakata asilimia 6 ya kodi kabla pesa haijakufikia, na ukisahau kuiweka kwenye hesabu zako, asilimia hiyo inatoka kwenye mshahara wako wewe, kwa sababu wengine wote umeshawaahidi.

Na ni karatasi. Filamu yangu ya kwanza niliiuza kwa kituo kimoja cha televisheni kwa pesa ambazo siku ile niliziona nyingi. Nilisaini palepale kwenye kochi la mapokezi, kalamu ya kuazima. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na maneno "kwa muda wote na kwa njia zote". Imeonyeshwa mara ngapi tangu wakati huo sijui, watu huniambia tu kwamba wameniona jana usiku. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inanilinda nitajwe kama mwenye kazi, lakini haki ya kula matunda yake niliiuza mwenyewe, kwa hiari yangu, na mwandiko ni wangu. Siku hizi mkataba narudi nao nyumbani, naulalia siku mbili. Kama mtu hawezi kusubiri siku mbili, nishajua kuna kitu ukurasa wa tatu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ile kazi ya pili ilikuwa inakula sikio langu. Mwigizaji kazi yake ni kupokea. Mwenzako akisema neno, unaliacha liingie, na kinachotoka ndicho kinachotoka. Mtayarishaji kazi yake ni kuliona jambo kabla halijafika. Akisikia mwigizaji anakohoa anafikiria sini ya kesho. Mtu wa namna hiyo hawezi kushangaa, na asiyeweza kushangaa kamera humtambua mara moja. Nilikuwa nazijua sentensi zangu, nalia vizuri, nasimama penye alama. Lakini nilikuwa nimeacha kumsikia aliye mbele yangu. Yule kijana wa Mukono alilisema kwa maneno mawili.

Mwezi Machi 2020 tulikuwa na mchezo wiki tatu mbele. Mabango yalishatoka Nasser Road, wino haujakauka vizuri. Ndipo Rais akafunga kumbi zote, na sisi watu wa maonyesho tulikuwa wa kwanza kufungwa na karibu wa mwisho kufunguliwa: Januari 2022. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Mabango yale niliyakata nikawafunikia watoto wa dada yangu madaftari. Waigizaji niliowajua waliuza chapati na barakoa, wengine wakarudi vijijini kulima, mmoja aliingia kwenye boda na hakutoka tena, anasema huko analipwa kila siku.

Mwanafunzi wangu wa kwanza hakuwa mwigizaji. Alikuwa wakili, mwanamke wa heshima zake, aliyetakiwa kutetea kesi kwa njia ya video na akagundua kwamba mbele ya kamera sauti yake inakimbilia puani. Alinipigia kwa sababu alikuwa ameniona nikiwa mke wa mwizi na akanisadiki. Tulifanya kazi kwa simu, jioni, yeye amejifungia ndani ya gari lake uani kwake ili watoto wasimsikie akinguruma. Akanilipa kwa mobile money kabla sijataja bei. Kisha akaja mchungaji, kisha mtangazaji wa redio, na waigizaji walipoanza kuja nilikuwa na kodi ya miezi miwili na daftari lililojaa makosa ya kufundisha.

Nakiri nilianza vibaya. Nilikuwa nawaonyesha jinsi ya kufanya. "Sema hivi." Wakasema hivyo, na nikawa na darasa la watu wanane wanaoniiga mimi, wote wakiwa na lafudhi ya Busia. Nikaanza upya.

Sasa siku ya kwanza hatugusi mswada. Wawili wanakaa wanatazamana. Mmoja anasema anachokiona: "Una shati jekundu." Mwenzake anarudia: "Nina shati jekundu." Tena. Tena. Zoezi hili ni la Sanford Meisner, Mmarekani aliyefundisha New York miaka mingi, na kitabuni ni jepesi kabisa. Kampala si jepesi. Mweke kijana wa miaka ishirini mbele ya mzee wa miaka hamsini na mwambie aseme anachokiona. Hawezi. Atasema, "Una kanzu nzuri." Mzee ana jasho, ana hasira, mguu unamtetemeka, kijana anayaona yote hayo na adabu inamfunga mdomo. Na binti aliyelelewa Kiganda, aliyezoea kupiga magoti akimsalimu mkubwa, nimwambie amkazie macho mwanamume wa umri wa baba yake kwa dakika nne? Niliwahi kudhani kwamba adabu ndiyo adui. Nilikosea. Binti mmoja kutoka Masaka alilifanya zoezi zima amepiga magoti, macho chini, na kutoka chini pale alimsoma yule mzee mpaka mzee akaomba maji. Alikuwa anamsikiliza kwa masikio na kwa ngozi. Tangu hapo huwa nawaacha wapige magoti wanaotaka.

Wale wa michezo ya jukwaani wana tatizo jingine. Wamezoea kumfikia muuza karanga aliyesimama mlangoni kwa nyuma, kwa hiyo ukiwawekea kamera mbele wanamtafuta muuza karanga. Nyusi zinapanda, mikono inaruka. Ukiwaambia wapunguze, wanapunguza sauti na wanabakiza nyusi. Dawa niliyoipata ni simu. Nampa mwanafunzi simu, nampigia kutoka chumba cha pili, nampa habari, mbaya au nzuri, ambayo hakuitegemea, mwenzake anamrekodi. Kisha tunatazama pamoja. Karibu kila mara uso haukufanya kitu. Umesimama tu, unasikiliza, na huwezi kuacha kuutazama.

Na wote wanataka kulia. Sijui nani aliwaambia kwamba uigizaji ni machozi. Wapo wanaokuja na Vicks mfukoni ya kupaka chini ya macho. Huwa naiomba, naiweka mezani kwangu, mwisho wa kozi nina makopo ya kutosha familia nzima kipindi cha mafua.

Kuna mambo ambayo siyafanyi, na nayasema wazi kwa sababu mji huu una watu wanaoyafanya. Simtozi mtu pesa ya usaili. Anayekutoza ada ili akuangalie kama unafaa, biashara yake ni ada, filamu hana. Usaili wangu ni mchana, mahali penye watu, na ndani ya chumba tunakuwa watatu au zaidi. Hoteli hapana, jioni hapana. Na mwanafunzi anayenilipa ada simpi nafasi kwenye filamu yangu mpaka kozi iishe na ipite miezi mitatu bila mimi, maana vinginevyo hatajua alinunua masomo au alinunua nafasi, na mimi pia sitajua. Hili limeniletea lawama. Mama mmoja aliniuliza kama sasa ananilipa ili mwanawe asichukuliwe.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kifundishwe shuleni kwa lazima. Ghafla simu zikaanza. Matangazo ya redio, vitabu vya sauti vya watoto, tamthilia inayotaka kuuzwa Nairobi na Dar es Salaam pia. Waigizaji wazuri kunishinda, waliokuwa wakinicheka kwa lugha ya wezi, wakaja kukaa kwenye viti vyangu vya plastiki kujifunza kusema "ng'ombe" bila kumpoteza ng'ombe njiani. Sikuwacheka. Vizuri, niliwacheka kidogo siku ya kwanza.

Kuwafundisha hao ndiko kulikonirudisha kwenye benchi la Baba. Mtu anayejifunza lugha ukubwani hawezi kutabiri mwenzake atasema nini, kwa hiyo analazimika kusikiliza kila silabi, uso umefunguka kabisa. Nikiwa nimekaa pembeni na daftari, nikawaona wakifanya kile ambacho mimi nilikuwa nimekiacha. Nikaanza kufanya mazoezi pamoja nao, mwalimu na wanafunzi kwenye mkeka mmoja, na mara ya kwanza mwanafunzi alinisimamisha: "Mwalimu, umenijibu kabla sijamaliza." Kweli nilikuwa nimemjibu.

Sasa nina kanuni moja ya uwanjani. Siku ninayoigiza kwenye kazi yangu mwenyewe mimi ni mwajiriwa. Kuna binti anayesimamia uzalishaji, simu yangu iko kwake tangu saa kumi na mbili asubuhi, mama wa chakula anamjua yeye, mwenyekiti wa LC1 anamjua yeye. Akifanya makosa ya pesa nitayaona usiku. Yeye ni gharama, na miaka ya nyuma ningesema siwezi kuimudu. Nimepiga hesabu ya marudio sita ya Mukono, kamera, jenereta na watu arobaini wamesimama juani, nikaona kwamba nilikuwa namlipa tangu zamani bila kuwa naye.

Mwezi uliopita nilirekodi tangazo la redio, sauti ya dereva wa lori wa Mombasa anayempigia mkewe. Walitaka mwanamume, hawakumpata wa kuwaridhisha, nikawaambia niachieni. Nilijivuna nayo kazi ile. Nikaenda Busia mwisho wa juma, nikamkuta Baba uani chini ya mparachichi, macho hayaoni vizuri siku hizi lakini redio haimtoki pajani. Tangazo likapita lenyewe, sikumwambia chochote, nikamwangalia uso.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akapunguza sauti.

"Ni wewe huyo, mama?"

"Ni mimi, Baba."

"Dereva wa wapi?"

"Wa Mombasa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Huyo amezaliwa Voi. Mombasa amehamia." Kisha akaniigizia, meno yamepungua mdomoni, sentensi yangu ileile, na mtu wa Mombasa akakaa pale uani na sisi, ameegemea tairi, anangoja karatasi zake.

Nikatoka nje ya lango nikampigia fundi wa studio kumuuliza kama faili bado analo.